Sauti Yangu Barazani

Kwetu pwani mtu hapigi simu akaanza na msiba. Ataanza na salamu, aulizie joto la huko uliko, akwambie mbuzi amezaa pacha, na wewe wakati huo wajua kabisa kuna neno linakuja, moyo wakudunda, lakini huna budi kungoja lifike kwa adabu yake. Miaka yangu yote ya Doha nilifanya kazi na Wafilipino, Wahindi na Wamisri, na wote hao wakiwa na neno hulitoa kama lilivyo. Mimi hilo sikujifunza. Laiti ningejifunza, mamangu hangetia kidole kwenye ile fomu.

Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za eksirei. Nyumbani walinipa udaktari wenyewe. Nikisema mimi si daktari wananicheka, wanadhani ni unyenyekevu, mwisho nikachoka nikawaacha. Kliniki yetu ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka chumba changu cha Al Mansoura, na kutwa nzima walikuwa wakiletwa vijana wa ujenzi, huyu mkono, huyu mgongo, huyu kaangukiwa na mbao. Kifuani nilivaa beji ndogo ya plastiki. Watu hudhani ile beji inakinga. Haikingi kitu! Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ya mionzi iliyokupata, na kila baada ya miezi michache inakusanywa, inapelekwa kusomwa, na ikiwa imezidi unaitwa ofisini. Kinachokinga ni ukuta uliotiwa madini ya risasi ndani, na mlango mzito, na ule utaratibu wa kusimama nyuma ya kioo kabla ya kubonyeza kitufe.

Nilipopata mimba nilimwambia msimamizi wetu, mama mmoja wa Kifilipino, saa mbili asubuhi. Kufika saa nne nilikuwa nimeshakaa mapokezi, naandika miadi ya wagonjwa. Hakukuwa na mjadala. "Wewe na mashine basi, mpaka ujifungue," akaniambia, na beji akanivua kwa mkono wake mwenyewe. Nilikwenda kujifungulia nyumbani, nikanyonyesha miezi mitatu, nikamwachia mamangu mtoto, nikarudi kazini. Mume wangu alikuwa dereva wa kampuni moja kule Lusail na alilala kambini kwao, mimi nililala chumba kimoja na wauguzi watatu. Mtoto tungemweka wapi, juu ya friji? Wengi wetu tuliishi hivyo. Binti yangu alijulia kutembea kwa mamangu na akajulia kusema kwa mamangu, na kila nilipokwenda likizo siku tatu za kwanza alikuwa akiniita shangazi.

Habari za mtambo wa nyuklia utakaojengwa kwetu pwani zilitufikia ule mwaka wa pili tangu majirani waifungie Qatar mipaka, tukawa tunakunywa maziwa ya Uturuki. Mwanzoni ulikuwa mtambo mmoja, ujengwe kwenye ufuo usiokaliwa na mtu, na watu wa kwetu walinuna lakini hawakuinuka. Kisha mpango ukapanuliwa. Wakaja na ramani mpya, mtambo mmoja umekuwa miwili, na mstari mwekundu wa mpaka wa mradi umevuka mikoko, umevuka njia ya wanawake wanaokwenda kuokota chaza, umefika mpaka ua wa mamangu. Hapo ndipo kijiji kilipoamka. Watu hawakuogopa kelele wala moshi, waliogopa kitu wasichoweza kukiona. Waliuliza maji ya kupozea mtambo yatamwagwa wapi kama si baharini. Chaza hunyonya kila kilichomo majini, na sisi twala chaza. Wenye mimba waliuliza, wenye watoto wachanga waliuliza, na watu wa mradi walijibu kwa Kiingereza na kugawa fulana.

Huku Doha tulikuwa watu kama ishirini wa kijiji kile, walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli, wauguzi wawili, na mimi. Tulikutana Ijumaa mchana kwenye chumba cha vijana wetu pale Al Mansoura, viatu vimejaa koridoni mpaka Wanepali wa mlango wa pili wanalalamika. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mmoja mlinzi wa jengo la ofisi kule West Bay, mtu wa maneno machache, aliyeacha nyumbani mke wake na wajukuu wanne ambao mama yao alifariki. Barua ya kupinga mtambo tuliiandika sisi pale chini kwenye mkeka, mimi nikiandika na wao wakisema, na tukatia sahihi sote. Mwenyekiti alitia yake polepole kama anayechora ramani. "Mwanangu," akaniambia, "hili la mionzi sisi hatulijui. Sisi tutasimama nyuma yako."

Na mimi, mjinga, nikavimba kichwa.

Sasa jambo lote lilimtegemea mamangu. Si kwamba alikuwa na cheo, hapana. Lakini boma lake ndilo la kwanza ukitoka ufuoni, na wanawake wa chaza humfuata yeye. Akisema leo hatwendi, hawaendi. Watu wa mradi walitaka kila mwenye boma aje barazani, kwenye uwanja wa shule ya msingi, atie kidole gumba kwenye fomu ya kukubali. Mamangu akikataa, upande ule wote ungekataa, na ramani yao ingebaki na tundu katikati. Hilo tulilijua sisi, na wao walilijua pia. Na ndani ya boma hilo ndimo alimokuwa akilala binti yangu, mwenye umri wa miaka mitano.

Katibu wa kamati ya kupinga alikuwa kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyeacha shule ili mimi niendelee, akaenda kuvunja mawe, na hilo sikulisahau hata siku moja. Kwangu mimi kaka hakuwa na baya. Watu wakimsema namtetea kabla sijasikia alichofanya.

Lazima nieleze na hili la simu. Doha kwa miaka ile kupiga simu kwa WhatsApp kulikuwa kumefungwa, na simu ya kawaida kwenda nyumbani ilikuwa inameza salio kabla hujamaliza kuamkia. Kwa hiyo sote tuliishi kwa kutumiana sauti. Unabonyeza, unaongea, unaachia, imekwenda. Lakini mamangu alikuwa na kabambe, kile kisimu cha vitufe chenye tochi, hakipokei sauti wala picha. Kila nilichomtumia kilipitia kwenye simu ya kaka, na kaka humkalia mama jioni akamsikilizisha. Miaka yote ilikuwa hivyo. Nikiwa na neno la siri kwa mama, kaka alikuwa analisikia kwanza, na sikuwahi kuona tatizo.

Wiki ya baraza ilipokaribia, kaka akaniandikia. "Dadaangu, mama anaogopa sana. Na watu wanasema wewe ndiye unayeijua hii kitu. Tuma sauti, mwambie mama mwenyewe, wamsikie na wengine." Nikasema vizuri kabisa, hilo nalitaka. Asubuhi yake nikaenda kazini mapema, nikajifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikasimama katikati ya zile aproni nzito za kukinga mionzi zilizotundikwa, nikabonyeza.

Na nikaanza na jema. Bila shaka nilianza na jema! Mama ana presha, anasikia binti yake anafanya kazi kwenye kitu ambacho kijiji kizima kinakilaani, hivi ningemwanzia na hofu? Nikasema hivi:

"Mama, shikamoo. Mimi sijambo, mzima wa afya, kazi yaenda vizuri. Najua mwaliogopa hili neno mionzi. Mionzi si jini, mama. Mimi nafanya kazi nayo mwaka wa kumi na moja huu, sijaumwa hata kichwa. Mtoto nimezaa nikiwa kazi hii hii, wamwona mwenyewe hapo alivyo mzima. Ikiangaliwa vizuri haina neno. Usikose usingizi, mama yangu."

Nikaachia kidole. Nikabonyeza tena, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa na neno lenyewe:

"Sasa mama, nisikilize. Mimi nina ukuta. Nina mlango. Nina kitufe, nikizima imezimika. Nina beji, na yuko mtu wa kuisoma. Nilipopata mimba walinitoa siku ile ile. Nyinyi hapo nani atawasomea beji? Ule mtambo nani atauzima jioni aende zake nyumbani? Na wanawake wa kijiji kizima wakipata mimba, watahamishiwa mapokezi gani? Usitie kidole, mama. Waambie na wenzio. Hata aje nani, usitie."

Sauti yangu ilitetemeka pale mwisho, na nikafurahi imetetemeka, nikajua mama atasikia kwamba sina mzaha. Kaka alizisikiliza zote mbili, niliona vialama vimegeuka buluu. Akanijibu, "Ahsante dadaangu. Umetusaidia kuliko unavyojua." Nikafunga kabati, nikavaa beji, nikamwita mgonjwa wa kwanza.

Baraza lilikuwa Jumatano. Alhamisi kaka hakupatikana, nikasema labda moto wa simu umekwisha. Ijumaa nikaenda kwenye mkutano wetu na sufuria ya pilau mkononi, nimevaa dera jipya, kichwani nina hotuba ya kuwapongeza wenzangu. Nikaingia. Hakuna aliyeinuka kunipokea sufuria. Vijana ambao kwa kawaida wangenirukia na sahani walikuwa wanaangalia miguu yao. Mwenyekiti akanionyesha pa kukaa, akaweka simu yake juu ya mkeka, akasema, "Mwanangu, sikiliza kwanza, halafu wewe ndiye utakayesema."

Ilikuwa video fupi aliyotumiwa na mkewe. Uwanja wa shule, hema jeupe, na kaka yangu ameshika kipaza sauti, amevaa jaketi la kijani lenye nembo ya mradi. Jaketi la mradi! Akasema, "Huyu mwamjua nyote. Ni mtoto wa hapa, na ndiye mtaalamu wetu wa mionzi huko Arabuni. Msinisikilize mimi, msikilizeni yeye." Akaiweka simu kwenye kipaza sauti, na nikajisikia mwenyewe. Mama, shikamoo. Mimi sijambo. Mionzi si jini. Sijaumwa hata kichwa. Mtoto nimezaa. Ikiangaliwa vizuri haina neno. Ikakatikia pale pale kwenye usingizi wa mama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakamfuata, na halafu nikamwona mamangu, na leso yake ile ya sikukuu, anainuka kwenye kiti cha plastiki, anashikwa mkono na kaka, anapelekwa mezani. Akainamisha kichwa. Akatia kidole. Nyuma yake wanawake wa chaza wakaanza kupanga foleni.

Nilitoa sauti ambayo hata siijui ni ya namna gani. Kijana mmoja, dereva wa teksi, akasema bila kuniangalia, "Kumbe ulikuwa unatuandikisha barua huku, kule unawaambia wakubali. Walikupa nini?"

"Ziko mbili!" nikapiga kelele. "Nilituma mbili! Ziko mbili, ngoja!" Simu ikaniponyoka ikaanguka kwenye pilau, nikaitoa nikaifuta kwa dera, nikaitafuta ile ya pili nikaifungulia pale mbele yao. Walisikiliza. Ilipokwisha, yule dereva akauliza tena, na sasa sauti imepungua kidogo, "Mbona hii hukuiweka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp? Kama ungeiweka hapa, tungeituma sisi kwa kila mtu."

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa jibu la aibu. Sikuiweka kwenye kikundi kwa sababu nilimpa kaka, na kumpa kaka kwangu ilikuwa ni sawa na kumpa mama mkononi. Wengine waliniamini, wengine hawakuniamini, na wawili walitoka bila kuaga. Mwenyekiti alisema, "Nakuamini. Lakini mwanangu, wao kule wameisikia moja." Pilau ile haikuguswa. Nilirudi nayo kama nilivyokuja.

Kaka alipokea simu Jumamosi. Nilinunua salio la kutosha kumlaani mpaka jua lizame. Na hebu angalia ujinga wa malezi, nikaanza, "Kaka, shikamoo."

"Marahaba, dadaangu. Huko joto vipi?"

"Ya pili iko wapi?"

"Ya pili ipi tena?"

"Usinifanye mtoto! Ile ya kumkataza mama. Umeipeleka wapi?"

Nikasikia pikipiki inanguruma karibu naye, na baadaye nikajua ilikuwa ni yake, aliyopewa na mradi. Kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Nimesema uongo wapi? Yale maneno si yako? Nimeongeza hata neno moja?"

"Umekata!"

"Nimechagua. Mama alikuwa haoni raha. Sasa analala."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Umemaliza?" akauliza. "Sasa nisikilize na mimi. Nimepewa kazi. Afisa wa jamii. Umri huu wote sijawahi kuitwa ofisini kwa jambo la heshima. Wewe una Doha. Una cheti, una beji unayoisifu. Mimi nilivunja mawe ili uwe navyo. Siku moja tu nimepata changu, nawe wapiga kelele. Ule mtambo wenyewe pengine hautajengwa, dada, hii ni serikali. Wengine wote wanakula. Kwa nini nisile mimi?"

"Mtoto wangu yuko ndani ya boma hilo!"

"Na wangu wako hapa hapa," akasema, na akakata.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Angekuwa mwongo asiyejali ningemchukia nikapumzika. Lakini yeye aliamini nina deni naye la maisha, na kwamba kuitumia sauti yangu ilikuwa haki yake, kama anayeazima jembe la nyumbani. Hakuona haja hata ya kuniomba. Nilikaa kwenye ngazi za jengo letu, Wanepali wakinipita juu na chini na ndoo zao, nikalia mpaka macho yakafura. Mimi niliyekuwa namtetea mbele ya kila mtu! Mimi!

Nilibakiwa na njia moja. Karani wa baraza alikuwa amesema mwenye kujuta aje baraza lijalo, atamke mbele ya watu, jina lake lifutwe. Mama akisimama, wenzake watasimama. Kwa hiyo nikamtumia mke wa Mwenyekiti ile sauti ya pili, nikamsihi aende nayo kwa mama, asimpe kaka, asimpe mtu yeyote, amshikie simu sikioni mwenyewe. Yule mke wa Mwenyekiti akaenda siku hiyo hiyo, Mungu ambariki. Saa moja baadaye akaniandikia kwamba mama ameisikia mara mbili, na anasema nimpigie.

Nikapiga. Mama akaanza. Akaulizia afya yangu, akaulizia mume wangu, akanieleza kuku aliyeatamia, akanieleza mtoto ameng'oka jino. Nilikuwa naona salio linavyokatika, na sikuthubutu kumkatiza.

"Nimeisikia," akasema mwishowe.

"Basi mama, nenda kajiondoe. Baraza lijalo. Useme tu ulidanganywa."

"Na nani?"

Alikuwa anajua, na alikuwa anajua kwamba najua.

"Wataka nisimame mbele ya watu, niseme mtoto wangu wa kiume ni mwongo?"

"Ni mwongo, mama! Ameitumia sauti yangu kukudanganya wewe!"

"Najua ni mwongo," mama akasema. "Nimemzaa mimi. Lakini wewe uko Doha. Nikianguka bafuni, ni yeye anayeniokota. Nikifa, ni yeye atakayenishusha kaburini, wewe utakuja ndege ikipatikana. Nikimwaibisha leo, nitabaki na nani hapa? Na sauti yako ya simu?"

Sijawahi kuambiwa neno kama hilo. Nilimchukia mamangu dakika ile, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikamwuliza, "Na mjukuu wako?"

"Mjukuu ni wako," akasema, bila hasira, kwa sauti ile ile aliyoniambia habari za kuku. "Fanya uonavyo."

Nikafanya nilivyoona. Dada wa mume wangu alitoka kwao bara, safari ya siku nzima kwa basi, akamchukua binti yangu pamoja na begi la nguo na mdoli wake asiye na mkono. Mama aliwapikia, akawafungia mikate ya sinia ya njiani, akawasindikiza mpaka barabarani. Baraza la pili likafika, mama hakwenda, wanawake wa chaza nao hawakwenda, na hakuna jina lililofutwa. Mwezi uliofuata wakaja watu wenye vigingi vya chuma na rangi nyekundu, wakavipiga tangu mikoko mpaka uani, na kaka akawaonyesha njia. Kaka na mimi hatukusemezana tena. Anazo namba zangu, ninazo zake.

Mikutano ya Ijumaa nikaacha. Hakuna aliyenifukuza, ila nilikuwa nikiingia mazungumzo yanageuka kuwa ya mpira. Baada ya miezi michache Mwenyekiti akaja kliniki. Magoti, walinzi wote magoti, saa kumi na mbili kwa siku kusimama kwenye marumaru. Sikujua kama atakubali nimhudumie mimi, lakini aliingia, akaniitikia salamu vizuri, akapanda kwenye meza. Nikamweka goti sawa, nikaenda nyuma ya kioo, nikampiga picha mbili, nikarudi kumsaidia kushuka.

Akawa anavaa soksi. "Nimesikia mtoto umemtoa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Umefanya vyema. Mzazi yeyote angefanya hivyo." Akavaa kiatu kimoja, akafunga kamba, akapumzika. "Hao wakwe zako, nyumba yao ni kubwa?"

"Si kubwa sana. Lakini shamba lipo, na maji yapo karibu."

"Na mtambo haupo."

"Haupo, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akavaa cha pili. Hakuwa ananisuta. Ningejua kama ananisuta, na ningejitetea, maneno ninayo mengi. Aliniangalia kama mtu anayeulizia kazi kwa niaba ya nduguye. "Wangu ni wanne," akasema. "Wadogo wadogo, hawali sana. Mkubwa anajua kuteka maji. Hebu niulizie kama nafasi ipo."

"Nitawauliza, mzee," nikamwambia. "Nitawauliza wiki hii hii."

Akanishukuru, akachukua bahasha ya picha zake, akatoka akichechemea. Wakwe zangu sikuwauliza. Na yeye, kila tulipoonana baada ya hapo, aliniulizia hali ya binti yangu.